Paka wa Nyumba Haingwa: Kutoka Ngano ya Nunda hadi Dari za Mpepai

Mahindi yakishavunwa na kupukuchuliwa katika kata ya Mpepai, wilayani Mbinga, nyumba ya mkulima hugeuka ghala. Magunia hupangwa chumbani, maharage huwekwa kando, na mahindi ya mbegu huning'inizwa juu ya jiko ili moshi uwafukuze wadudu. Wamatengo ni mafundi wa ardhi. Kwa ngoro, yaani mashimo wanayoyapanga juu ya miteremko kwa kufukia nyasi zilizofyekwa, wamelima milima mikali kwa vizazi vingi bila ya kuiacha mvua ichukue udongo. Lakini ngoro hulinda shamba, haifiki chumbani. Usiku, mwenye kulilinda gunia ni paka.

Tena aghalabu si paka mmoja. Nyumba ya namna hii, iwe Mpepai au Makunduchi, huwa na kundi dogo ambalo kila mmoja wake ana mwenendo wake. Kuna jike kongwe aliyeiona nyumba kabla baadhi ya watoto hawajazaliwa; hulala anapotaka na hapana wa kumwondoa. Kuna binti yake, mwindaji asiye na mchezo, ambaye huonekana alfajiri tu, panya mdomoni, na hataki kushikwa. Kuna dume changa, mdokozi, anayejua kufunua sufuria na kutoweka kabla kifuniko hakijatua. Kuna yule aliyeletwa mdogo ndani ya kikapu, asiyebanduka miguuni mwa watoto. Na nje, juu ya ukuta ama nyuma ya jiko, kuna dume kubwa lenye masikio yaliyochanika, ambalo halina mwenyewe. Huyo ndiye aitwaye paka shume.

Lugha imewatenga hawa wawili. Wa ndani ni paka wa nyumba, wa nje ni shume. Na neno shume hutamkwa kana kwamba ni jina la kabila jingine la paka, lililoumbwa pamoja na ukali wake. Historia ya mnyama huyu katika nchi zetu haikubaliani na mgawanyo huo. Kila inapochunguzwa, huonyesha kuwa paka wa nyumba na paka shume ni damu moja, na kwamba kilichowatenganisha ni mlango.

Paka wa Mpepai ni mgeni, ingawa ana jamaa porini. Paka pori wa Afrika, mwenye rangi ya majivu na miguu mirefu, anaishi katika sehemu nyingi za Tanzania. Wataalamu humwita Felis lybica. Mwaka 2007 Carlos Driscoll na wenzake walichapisha uchunguzi wa vinasaba ulioonyesha kuwa paka wa majumbani wa dunia nzima wametokana na jamii hiyo, lakini kwa upande wa Mashariki ya Kati, si kwa hawa wa kusini ya Sahara. Tafiti za baadaye zimeipa Afrika Kaskazini, na hasa Misri, nafasi kubwa katika kuenea kwake. Ushahidi wa kale zaidi wa urafiki wake na binadamu umepatikana kisiwani. Mwaka 2004 wachimbaji wa mambo ya kale walitangaza kuwa huko Saiprasi wamelikuta kaburi la miaka ipatayo 9,500, ambamo mtu na paka walizikwa karibu karibu. Saiprasi haikuwa na paka wa asili. Kwa hiyo tangu mwanzo wa habari zake paka ni msafiri wa baharini, na aliyemvusha ni mtu.

Katika pwani yetu aliyemwitia kazi ni panya. Mwaka 2017 kundi la wataalamu lilichapisha matokeo ya kuchunguza mabaki ya wanyama kutoka sehemu 22 za Afrika ya Mashariki, nao wakathibitisha kuwa kuku na panya mweusi, yule apandaye darini, walifika kutoka Asia baada ya katikati ya milenia ya kwanza, yaani katika zama zile zile ambapo miji ya pwani, kama Unguja Ukuu, ilikuwa ikianza kufanya biashara na ng'ambo. Jahazi lililoleta shanga na vyungu lilileta na mwizi wa nafaka. Nahodha mwenye akili hakusafiri bila ya paka, na mji wenye maghala haukuweza kukaa bila yake. Wahenga waliiweka kazi hiyo katika methali: paka hashibi kwa wali, matilaba yake ni panya.

Njia aliyoingilia bara yaonekana katika majina yake. Kando ya Ziwa Nyasa, wasemao Kinyanja humwita mphaka. Wakamba humwita mbaka. Hakuna sikio la Mswahili lisilousikia undugu wa maneno hayo na paka. Wabemba, kwa upande wao, humwita pushi, na Waganda, pamoja na kusema kkapa, husema pusi. Hilo ni jina la kumbembelezea paka lililotoka kwa Waingereza. Wakikuyu wamemwita kwa sauti yake mwenyewe, nyau. Almuradi mahali pengi jina la mnyama huyu ni jina la kuazima, au ni mlio tu, jambo ambalo haliwi kwa mnyama aliyezaliwa na watu nchini. Mbuzi na ng'ombe wana majina ya kale; paka ana jina la njiani.

Na njia ya kusini inajulikana. Ilitoka Kilwa Kivinje, ikapita nchi za Wayao na mabonde ya Ruvuma, ikaishia ziwani. Ilikuwa njia ya pembe za ndovu na, kwa aibu ya historia, njia ya watumwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1860, David Livingstone na wenziwe walipofika Nkhotakota, upande wa magharibi wa ziwa, waliwakuta watu wa pwani wakiunda jahazi la kuvukia. Neno paka na neno mphaka yanakaa katika ncha mbili za njia hiyo. Kati yake ndimo ulimo mkoa wa leo wa Ruvuma, na Mbinga ndani yake.

Katika miaka iyo hiyo, huko Unguja, paka alikuwa akiingizwa katika maandishi. Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza, alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer, baada ya misheni yao kushindwa kukaa katika nchi za kusini ya Ziwa Nyasa. Steere alijifunza Kiswahili, akawasikiliza watu wa mjini wakisimulia, na mwaka 1870 akachapisha mkusanyo wa ngano za Kiswahili pamoja na tafsiri yake. Mwaka 1875, akiwa askofu, alisafiri kwa miguu kuelekea nchi za Wayao upande wa ziwa, na mwaka uliofuata misheni yake ikaanzisha makazi ya Masasi. Mwaka 1885 wenziwe waliweka makao yao Likoma, kisiwa kilicho ziwani, na baadaye Liuli, katika ufuko ambao leo ni wa wilaya ya Nyasa, iliyokatwa kutoka Mbinga mwaka 2012.

Miongoni mwa ngano alizochapisha Steere imo ile ya Sultani Majnuni, nayo ndiyo habari nzito kuliko zote zilizowahi kusimuliwa kwa Kiswahili juu ya paka wa nyumba. Sultani alikuwa na paka. Paka akakamata ndama. Watu wakamwendea sultani na malalamiko, naye akawajibu kuwa paka ni wake na ndama ni wake. Akakamata mbuzi, jibu likawa lile lile. Akapanda daraja, mnyama baada ya mnyama, kisha akala mtoto wa mtu, kisha mtu mzima. Mwishowe akauacha mji, akakaa kichakani kando ya njia, akila kila apitaye. Sultani bado akaona kuwa watu wana choyo na paka wake. Siku alipotoka kwenda kutazama mashamba na wanawe, paka akawarukia, akawaua watatu mbele ya macho yake. Hapo ndipo sultani alipokiri kuwa huyo si paka tena, bali ni nunda, mla watu.

Wasomaji wengi huikumbuka sehemu ya pili ya ngano: jinsi mwana mdogo, aliyedharauliwa kwa kupenda kukaa jikoni, alivyokwenda kumtafuta nunda, akaua mnyama mmoja baada ya mwingine, kuanzia mbwa hadi tembo, na kila mara mama yake akamwambia kuwa siye. Lakini mafunzo makubwa yamo katika sehemu ya kwanza. Nunda hakutoka msituni. Alitoka nyumbani mwa sultani, akiwa na mwenyewe, na kila hatua ya ukatili wake ilipita mbele ya mtu aliyekuwa na uwezo wa kuizuia. Ngano haisemi kuwa paka yule alizaliwa na damu mbaya. Inahesabu, tukio kwa tukio, mara alizoachiwa. Watu wa Unguja walioitunga walikuwa wakisema juu ya watawala, hapana shaka. Lakini walichagua paka kwa sababu walimjua paka.

Nunda hakubaki kitabuni. Katika miaka ya 1930 William Hichens aliandika juu ya mnyama aliyeitwa mngwa ama nunda, ambaye watu wa pwani ya kusini, upande wa Lindi, walimtwika vifo vya watu. Huyu ni Hichens yule yule ambaye wapenzi wa ushairi wanamjua kwa kuuchapisha Al-Inkishafi mwaka 1939 na diwani ya Muyaka bin Haji mwaka 1940; kabla ya hapo alikuwa ofisa wa serikali ya Tanganyika. Alisimulia kwa uhakika wa mtu anayeamini. Hata hivyo hapana fuvu wala ngozi ya mngwa iliyowahi kuwekwa mbele ya wataalamu ikathibitishwa, ilhali simba na chui wanaoshambulia watu kusini ya Tanzania ni jambo la kweli. Ni kama kwamba watu walipokutwa na kifo kisichoeleweka, walilijua tayari jina lake, kwa kuwa ngano ilikwisha wafundisha kuwa kitu cha kutisha kuliko vyote ni kile kilichowahi kulala ndani.

Kuna habari nyingine, ya karibu zaidi na yenye mwisho mwema, iliyokwenda kinyume cha ile ya nunda. Mwaka 1978, huko Watamu, pwani ya Kenya, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, Jeni Slater aliwakuta watoto wa paka katika shamba lake. Walikuwa wa mwituni, wembamba, miguu mirefu, na manyoya yenye mabaka kama gome la mti. Wagiriama wa hapo walikuwa wakiwajua, na jina lao, kadzonzo, lasema hayo hayo ya gome. Slater alichukua wadogo wawili, akawalea kwa mkono. Waliozoea watu wakazaa. Rafiki yake, Gloria Moeldrup, akachukua baadhi hadi Denmark. Na mwaka 1993 shirikisho la wafuga paka la Ulaya likawatambua kuwa ni aina kamili, kwa jina la Sokoke. Wengi walidhani kuwa ni paka pori wa asili waliofugika. Vinasaba vilipochunguzwa vikasema mengine: ni jamaa wa paka wa mitaani wa Lamu, na nasaba yao yaelekea Asia. Yaani walikuwa ni watoto wa paka wa majahazi, walioingia msituni na kusahauliwa.

Hapa mlango umefanya kazi yake mara mbili. Uliwatoa mababu wa Sokoke, wakawa wa mwituni. Kisha ukawaingiza wajukuu, wakapewa hati za nasaba Ulaya. Damu haikubadilika hata tone. Ndugu zao wa Lamu wangali wakilala barazani na kugombea vichwa vya samaki pwani, bila ya hati yoyote.

Tabia ya paka mmoja mmoja, basi, inatengenezwa lini? Uchunguzi uliofanywa kwa miongo kadhaa umeonyesha kuwa muda wenyewe ni mfupi mno: ni baina ya juma la pili na la saba la maisha yake. Kipaka aliyeshikwa kwa upole na watu katika majuma hayo hukua akimwona binadamu kuwa mwenzake. Asiyeshikwa huweza kubaki na woga wa kudumu, hata akilishwa kila siku. Kipo pia kinachorithiwa. Sandra McCune alichapisha mwaka 1995 kuwa watoto wa dume lisilo na woga huwa wepesi wa kukaribia watu na vitu vigeni, ingawa dume hilo halishiriki malezi kabisa. Na mwaka 2017 wachunguzi walipopima tabia za paka 2,802 wa Australia na New Zealand, walizigawa katika mizani mitano: hofu, uchangamfu, ubabe, pupa na upole. Mwenye nyumba wa Mpepai hahitaji mizani hiyo ili amjue mdokozi wake, lakini inathibitisha alichokwisha kukiona: hapana paka wawili walio sawa, na mwoga si mbaya, ni mwoga.

Kwa hiyo yule binti wa jike kongwe, asiyetaka kushikwa, huenda alizaliwa darini msimu ambao hapana aliyekuwa na nafasi ya kupanda kumwona. Yule wa kikapuni aliangukia mikono ya watoto katika majuma yake ya bahati. Na shume wa ukutani, mwenye masikio yaliyochanika, mara nyingi ni mtoto wa nyumba fulani, aliyetolewa kwa sababu mama yake alizaa wengi.

Jambo hili si la mapenzi ya wanyama tu. Panya shamba wa Tanzania huzaa watoto zaidi ya kumi kwa mara moja, na wataalamu wamekadiria kuwa katika mwaka wa kawaida hasara ya mahindi kwa ajili ya panya huweza kufikia asilimia 15. Kwa nyumba iliyovuna magunia ishirini, hayo ni magunia matatu. Watu hukimbilia sumu. Lakini panya aliyekula sumu hafi palepale. Hupepesuka, na paka humkamata kwa wepesi na kumla. Nyumba huamka ikimwona mlinzi wake amekauka nyuma ya jiko. Panya waliosalia huzaa tena kwa miezi michache, na aliyekuwa akiwatisha hayupo.

Neno kuwatisha lina maana yake hapa. Mwaka 2017 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa katika kaya za vijijini za Eswatini, ambao uligundua kuwa panya walipunguza kula katika kaya zenye paka na mbwa kwa pamoja. Paka peke yake, au mbwa peke yake, hawakuonyesha tofauti hiyo. Paka hafanyi kazi kwa meno tu. Anafanya kazi kwa kuwapo, kwa harufu yake, kwa kuzunguka kwake usiku, na kwa wenziwe wa uwanjani. Waislamu wa pwani wanalijua hilo kwa njia nyingine: katika mapokeo yao paka hahesabiwi kuwa ni najisi, kwa kuwa ni miongoni mwa wanaowazungukia watu majumbani, na sahaba mmoja mashuhuri, Abu Huraira, amekumbukwa kwa karne zote hizi kwa jina la baba wa kipaka.

Pamoja na hayo yote, vipaka bado hutiwa katika magunia na kwenda kutupwa mbali, na paka weusi bado hupigwa kwa kudhaniwa kuwa wametumwa na wachawi. Tanzania Bara ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza ukatili. Lakini sheria haiwezi kukaa usiku kucha katika kila ua. Anayeweza ni mwenye nyumba. Akiwa na nafasi ya kumfunga uzazi jike wake, atapunguza vipaka wasiotakiwa. Akikosa nafasi hiyo, bado anaweza kuwaacha watoto wake wawashike vipaka kwa upole kabla juma la saba halijapita, ili jirani akija kuomba mmoja apewe paka, asipewe shume.

Methali ya pwani husema kwamba paka wa nyumba haingwa, yaani hafukuzwi. Imezoeleka kuelezwa kuwa ni ya watu: mwenyeji haondolewi kwake kama mgeni. Lakini yafaa kusomwa pia kama ilivyo, kwa paka mwenyewe. Sultani Majnuni hakumfukuza paka wake, na haikuwa kosa. Kosa lake ni kuwa hakumlea. Kumfukuza na kumwachia ni njia mbili zinazokutana kichakani. Baina yake kuna kazi ndogo ya kila siku, ambayo nyumba nyingi za Mpepai huifanya bila ya kuipa jina: bakuli la mabaki ya ugali na dagaa wa ziwani karibu na mafiga, sauti ya kumkemea mdokozi, mkono wa mtoto juu ya mgongo wa kipaka, na mlango wa jiko unaoachwa wazi kidogo jua linapozama, ili yule wa ukutani, akipenda, aingie.